Makande Bila Magadi

Binti yangu mdogo anasafishwa damu kwa mashine katika hospitali kubwa mjini Moshi. Tunatoka Same kwa basi la asubuhi. Nikiwa na nguvu humsindikiza, na siku ambazo magoti yamekataa hubaki nyumbani nikimwombea. Kiti chake kiko karibu na dirisha. Damu inatoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine, naye anasoma simu yake au anasinzia. Mimi niliyeishi enzi ambazo mgonjwa wa figo alilazwa akasubiri tu, naitazama mashine ile kila mara nikishukuru, na bado sijaizoea.

Pale hospitalini yuko mama mmoja anayewafundisha wagonjwa habari za chakula. Siku moja alitukalisha kwenye benchi, binti yangu na mimi, akatueleza taratibu, kama anayewafundisha watoto wa kipaimara. Alisema wengi walio kwenye mashine hawaondolewi na figo, wanaondolewa na moyo. Chumvi na maji yanayobaki mwilini tangu siku ya mashine hadi siku nyingine ya mashine huulemea moyo ukatanuka. Tena mgonjwa akikonda, moyo wake nao huwa hatarini, maana mashine inapoondoa taka inaondoa na vitu vizuri. Kwa hiyo ale yai na samaki, ndizi apunguze, na mboga azichemshe, maji ayamwage.

"Na yale makande yenu Wapare," akauliza, "mnayalainisha kwa magadi?"

Binti yangu akacheka. "Sisi kwetu magadi hayakuingia jikoni kabisa. Bibi alikuwa hayataki. Makande yake, dada, ungeacha jino."

"Basi bibi yenu alikuwa na akili sana."

Nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Ndani ya basi, tulipopita Lembeni, binti yangu aliniuliza kwa nini bibi yake aliyachukia magadi hivyo. Nikamwambia ni habari ndefu, nitamwandikia. Niliombwa na mama yake ninyamaze, nami nimenyamaza mpaka leo. Lakini yule ambaye kwa ajili yake nilinyamaza amekwisha kupumzika siku nyingi, na binti yangu amekuwa mgonjwa wa ugonjwa uleule. Sioni kwamba ni halali tena kumficha.

Tuliishi juu mlimani, upande wa Mhezi, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi. Nilikuwa mwinjilisti wa mtaa. Mke wangu nilimwoa Uhuru ulipokuwa bado mpya, bendera ya shuleni haijapauka. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwepesi wa maneno. Kwenye kwaya aliimba sauti ya pili, na kwaya ikikosea alicheka kabla ya mwalimu kukasirika, basi mwalimu akakosa la kusema. Mimi aliniita "Mwinjilisti" hata tulipokuwa wawili, kwa utani, kama vile amekuja kuniomba cheti cha ubatizo.

Mama yangu aliishi nasi. Alikuwa mjane, na jiko lilikuwa lake. Lilikuwa kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba, na kwa desturi yetu mwanamume aliyekwisha kutahiriwa hana kazi humo. Chakula kilinijia mezani, nikakibariki, nikala. Wanawake wale wawili walikuwa wakipika pamoja wakiongea Chasu, lugha yetu, mpaka chungu kikakaribia kuungua. Watu walizoea kuona mkwe na mkamwana wakiviziana, na kwetu wakakosa hadithi. Mama alikuwa na wana wa kiume watupu. Alisema Mungu alimcheleweshea binti, kisha akampa aliyekwisha kukua, asiyehitaji kunyonyeshwa.

Ugonjwa ulianza mwaka ambao tuliandikishwa kuwa kijiji cha ujamaa na shamba la kijiji likafunguliwa kwenye mteremko chini ya shule. Mke wangu alikuwa amejifungua huyu binti wa mwisho. Mama alimlea uzazi kwa maziwa, mtori na ndizi, na uso wake ukajaa. Mashavu yakang'aa. Jumapili baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alinishika bega mbele za watu.

"Mwinjilisti, sadaka za mwaka huu umezipeleka jikoni kwako nini? Tazama mama alivyonawiri!"

"Ni mikono ya mama mkwe, mzee," mke wangu akajibu. "Na wewe mlete mkeo tumnenepeshe."

Watu wakacheka, na mama akatembea njia yote ya kurudi kama aliyepewa tuzo. Sisi sote tuliuona ugonjwa ule ukija, tukauita afya.

Kisha viatu vikakataa miguu. Akibonyeza kidole juu ya mguu, shimo linabaki, na watoto wakaona ni mchezo, wakawa wanabonyeza kwa zamu. Shambani alianza kukaa chini kila baada ya mistari michache, akitafuta pumzi. Balozi wetu wa nyumba kumi hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kusikika.

"Mama Mwinjilisti! Ujamaa si kukaa kwenye majani. Mwili wote huo, na jembe linakushinda?"

"Mwili huu nimeuazima, balozi," mke wangu akasema, bado amekaa. "Nikimrudishia mwenyewe mtanitafuta."

Wanawake walicheka sana. Mimi nilikuwa mstari wa pili na jembe langu, nikacheka nao. Ni baadaye, nilipomwona anainuka kwa kushika bega la mama, ndipo kicheko kiliponikauka.

Tulishuka Same kwa lori la mkaa na mbao. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, Mtanzania mwenzetu kutoka Pwani, mwenye Kiswahili laini ambacho mke wangu alikiigiza baadaye kuwafurahisha watoto. Aliuchukua mkojo wake kwenye kichupa cha kioo, akaupasha juu ya moto wa spiriti, nasi tukaona kwa macho yetu ukiganda mweupe kama ute wa yai. Alisikiliza kifua muda mrefu. Halafu akaniita mimi pembeni, maana hivyo ndivyo ilivyokuwa, habari za mke aliambiwa mume.

Alisema figo zimeharibika. Maji hayatoki ipasavyo, yanajaa mwilini, na moyo unasukuma mzigo usio wake. Atampa sindano za kutoa maji. Lakini dawa kubwa iko mezani. Nyama kidogo, maharage kidogo, na chumvi asiiguse.

"Hata ya kuonja?"

"Hata ya kuonja, Mwinjilisti. Chumvi kwake ni jiwe juu ya moyo."

Nilikariri maneno yale njia nzima ya kupanda mlima, nikamfikishia mama mlangoni mwa jiko, mimi nikiwa nje, yeye ndani katika moshi. Chumvi, asiiguse. Mama akatoka na kopo la chumvi mkononi.

"Katika nyumba hii hakuna atakayekula chakula cha adhabu peke yake," alisema. "Tutaacha sote."

Siku zile chumvi ilikuwa shida, duka la kijiji liliweza kukaa muda mrefu bila hata punje. Mama alilipeleka kopo lile kwa jirani, naye jirani akatubariki kana kwamba tumempa mbuzi. Mke wangu aliona aibu. "Mama, watoto wamekosa nini?" alisema. Mama akamjibu kwamba watoto watajifunza.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Watoto walisukuma sahani. Mimi mwenyewe nilisali juu ya chakula kile sala ndefu kuliko kawaida ili nichelewe kukila. Lakini halikupita juma moja, chakula kikaanza kulika tena. Makande yalikuwa laini, maharage yamepasuka yakawa kama uji mzito, na kulikuwa na ladha fulani nyuma ya ulimi, si chumvi lakini haikuwa pia udufu ule wa siku za kwanza. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mikono ya mama. Nilimsifu hata kwenye mahubiri bila kumtaja, nikasema upendo hupata njia hata chumvi inapokosekana. Watu waliitikia Amina.

Mke wangu alivimba tena. Alishuka Same, akalazwa, akala chakula cha hospitali, maji yakatoka. Yalipotoka, tuliona kilichokuwa chini yake. Mama alipokuja kumtazama, akamkuta amekaa kitandani, mifupa ya mabega imetokeza kama vishikio vya kikapu. Mama alifunika mdomo kwa khanga.

"Kumbe humo ndani ulikuwa hivi, mwanangu?"

"Nilijificha, mama," mke wangu akasema. "Sasa mmenifumania."

Akarudi nyumbani, na baada ya muda akavimba tena. Daktari alinikalisha ofisini kwake.

"Mwinjilisti, mimi si polisi. Niambie kweli. Chumvi anakula?"

"Daktari, nyumba yangu haina chumvi hata ya kuwekea kwenye jino linalouma. Mama yangu ameitoa yote. Watoto hawali, mimi sili."

Alinitazama, akaniamini, nami nilikuwa nasema kweli. Akaongeza dawa. Alisema pengine figo zinakwisha kwa haraka kuliko alivyodhani. Alimtazama mke wangu kwa namna ambayo sikuipenda, kwa huruma nyingi.

Safari iliyofuata hakuweza kutembea. Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Pembe ilikuwa imepigwa alfajiri, na wanaume wote walikuwa kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, wakizoa matope. Nilikwenda nikasimama ukingoni. Balozi yule yule ndiye aliyetoka majini kwanza. Walitengeneza machela ya miti na blanketi, wakapokezana kumteremsha, miguu yao bado ina matope mpaka magotini. Mke wangu alikuwa amekalishwa, maana akilala pumzi ilikata.

"Mama Mwinjilisti," mmoja akamwambia, "ukipona utatubeba na sisi."

"Mmoja mmoja," alisema kwa shida. "Balozi nitamdondosha kwenye kona."

"Nidondoshe tu, mama," balozi akasema mbele, bila kugeuka. Nilikuwa pembeni yake. Alikuwa analia.

Hospitalini alikaa muda, maji yakapungua, akaanza kutamani chakula cha nyumbani. Nilipanda mlimani Jumamosi kwa ajili ya ibada, na niliposhuka Jumatatu mama alinipa chungu cha makande, kimefungwa kwa majani ya mgomba na juu yake khanga. "Mwambie nimeyapika kama anavyopenda," alisema. "Hayana chumvi hata punje."

Daktari alitukuta wakati nafungua. Mke wangu alifurahi, akamkaribisha kama yuko kwake.

"Daktari, karibu makande. Lakini nyie watu wa wali wa nazi mtayaweza?"

"Nionjeshe."

Alikula kijiko kimoja akiwa amesimama. Akasema ni laini. Akachukua cha pili, safari hii akatafuna polepole, macho yake kwenye chungu.

"Ndani mmetia nini?"

"Mahindi, maharage, maziwa kidogo," alisema mke wangu.

"Na nini tena?"

"Basi. Magadi tu ya kulainishia. Bila magadi yangekuwa kokoto."

Daktari aliweka kijiko chini. "Mengi?"

"Zamani kidogo tu. Siku hizi mama anazidisha, maana chumvi hakuna. Ndiyo yanayowafanya watoto wakubali kula."

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Sijapata kumwona daktari akikaa kitandani kwa mgonjwa. Akauliza magadi hayo yanatoka wapi, mke wangu akamweleza kwamba wanawake wanayanunua gulioni kutoka kwa watu wa tambarare, mapande meupe yaliyochanganyika na udongo. Unaloweka pande kwenye maji, unaacha udongo utuame, unachuja yale maji meupe unayatia chunguni. Alieleza vizuri, kwa furaha ya mtu anayesimulia jiko lake. Katikati ya maelezo alisita. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, alinishinda mimi katika hilo siku zote.

"Ni chumvi?" akauliza.

"Ni ndugu wa chumvi, mama. Kile kinachozuia maji mwilini mwako kimo humo, tena kingi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakohoa. Daktari akanigeukia, akasema, "Nimekuuliza habari za chumvi mara zote hizi, wala sikuuliza kingine." Nikamwambia hata angeniuliza, nisingejua la kumjibu. Sikuwa nimekanyaga jiko la mama tangu utoto wangu.

Nilimfuata nje barazani. Nikamwuliza kama sasa, magadi yakiachwa, atapona. Alikuwa mtu mkweli, na namshukuru kwa hilo ingawa siku ile niliona kama ukatili. Alisema figo zilikuwa zimeharibika tangu mwanzo, na hakuna chakula ambacho kingezirudisha. Lakini moyo umechoka mapema. Umetanuka, maji yanavujia kifuani yanamkata pumzi. Bila magadi yale huenda angepata muda zaidi. Akasema Ulaya, alikosomea, aliona mashine inayoosha damu ya watu wa namna hii, wanaishi miaka. Hapa kwetu bado.

Nilimsimulia mke wangu habari za mashine, si zile za moyo.

"Inaosha damu? Kwa sabuni gani?"

"Sikumwuliza."

"Mwinjilisti wewe, hujui kuuliza mambo ya maana." Halafu akanishika mkono, akauacha utani. "Sasa nisikilize. Mama asijue."

Nikamwambia lazima ajue, la sivyo ataendelea kuyatia.

"Mwambie ayaache. Lakini usimwambie yamefanya nini. Anasema mimi ni binti yake. Unataka azeeke akijua nini?"

"Unaniomba niseme uongo?"

"Sikuombi useme uongo. Nakuomba unyamaze. Wewe unanyamaza kila siku mtu akikuungamia, leo mimi nikikuomba unaona shida?"

Nilikaa na jambo lile siku kadhaa. Nilifundishwa tangu ujana kwamba kweli ni ya Mungu na mtu asiifiche chini ya pishi. Nilifundishwa pia kutomtwisha mtu mzigo asioweza kuubeba. Nilipiga magoti nikitaka nijibiwe lipi ni kubwa, na nilipoinuka nilikuwa na mke tu anayenisubiri. Nikampa neno langu.

Nilipomrudisha nyumbani, nilisimama tena mlangoni mwa jiko.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Anaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu. Daktari amekataza na magadi pia."

Alikuwa anapuliza moto. Akaacha kupuliza.

"Magadi? Tangu lini?"

"Alituambia tulipokuwa huko."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo hakusema."

Ilikuwa kweli yote, kila neno. Alinitazama kwa muda, macho yamejaa moshi, nami nikatazama ukuta. Kisha akasema, "Sawa," akageukia moto wake.

Tangu siku ile makande yalikuwa magumu na hayana ladha. Mama alikuwa anamsagia mke wangu ya kwake juu ya jiwe, anamlisha kwa kijiko, naye anameza na kusema ni matamu. Miguu haikuvimba sana tena. Tulianza kutumaini, nami niliomba kwa bidii kama mtu anayevuta kamba. Lakini moyo ulikuwa umekwisha kuchoka. Alikonda hadi pete ikawa inaanguka, akaifunga kwa uzi shingoni. Alikaa ameegemea ukuta mchana na usiku kwa sababu ya pumzi. Huyu binti alikuwa anaanza kutambaa vizuri, akawa anapanda juu ya miguu ya mama yake kama juu ya gogo, na hakuna aliyemkataza.

Aliondoka mchana mmoja wa ukungu, mama akiwa amemshika mgongoni na mimi miguuni. Aliuliza kama nguo zilizoanikwa zimeanuliwa. Mama akasema zimeanuliwa. Akavuta pumzi, tukangoja nyingine.

Wale wa msaragambo walichimba kaburi. Balozi alisimama kushukuru kwa niaba ya kijiji, akashindwa, akakaa. Niliendesha sala nyumbani mwangu mwenyewe kwa sababu mchungaji alichelewa na mvua, na Mungu alinipa sauti, sijui ilitoka wapi. Matanga yalipokwisha, jirani yetu alirudisha kopo la chumvi, bado na chumvi nusu. Alisema aliitumia kwa kuhesabu punje ili siku mke wangu akipona tuikute. Mama akalipokea kwa mikono miwili. Chumvi ikarudi kwenye chakula chetu.

Magadi hayakurudi.

Mwanzoni nilidhani ni msiba, kwamba mtu mwenye huzuni hana moyo wa kwenda gulioni. Miezi ikapita. Mama alikuwa na meno machache, upande mmoja tu, na yeye ndiye aliyeteseka kuliko sisi sote na makande yale. Nilimwona akiyazungusha mdomoni muda mrefu, halafu anayatoa kwa siri kwenye kiganja, anampa kuku. Siku moja nilishuka mwenyewe gulioni, mwinjilisti na kofia yangu, nikanunua pande la magadi kati ya wanawake walionicheka. Nilimletea.

"Mama, yatie. Utafune kama zamani. Hakuna mgonjwa sasa."

Alilipokea, akaligeuzageuza.

"Asante, baba."

Aliliweka juu ya dari ya jiko, penye moshi. Makande ya siku ile yalikuwa magumu, na ya kesho yake. Baada ya majuma kadhaa nikamwambia tena, nimesimama mlangoni, mvua inanipiga mgongoni.

"Mama, meno yako."

"Mimi nimezoea," akasema.

"Kwa nini ujitese?"

Alinitazama kama siku ile aliyoacha kupuliza moto, na safari hii sikuangalia ukuta. Tulikaa hivyo, yeye ndani na mimi nje. Nilijua kwamba anajua. Pengine alijua tangu niliposema neno "pia". Alikuwa amepika maisha yake yote, hakuhitaji daktari amwambie jambo mara mbili. Naye alijua nilimficha, na kwa ajili ya nani.

"Ingia basi, unalowa," alisema.

Niliingia jikoni. Alinisogezea kigoda, nikakaa, akanipa maharage nichambue. Hatukuongea habari ile siku hiyo wala siku nyingine yoyote katika miaka yote aliyobaki nayo, na Mungu alimpa mingi. Aliwalea watoto wangu watatu kwa makande magumu. Huyu wa mwisho, jino lake la kwanza lilipong'oka, alidhani ni makande yaliyoling'oa.

Alipolala mama usingizi wa mwisho, nilikwenda kulitafuta lile pande la magadi darini. Lilikuwa limevunjikavunjika likawa unga wa kijivu uliochanganyika na masizi. Nikaufagia.

Sasa mimi ni mzee na ndimi ninayepika, kwa sababu binti yangu akitoka kwenye mashine hana nguvu. Maharage nayaloweka tangu jana yake, nayamwaga maji, nayachemsha, nayamwaga tena, kama yule mama wa hospitali alivyotufundisha. Anayala kidogo tu, pamoja na yai lake. Jana nilimwekea sahani mbele, nikampa na karatasi hizi asome akila. Alisoma mpaka mwisho. Makande yalikuwa yamepoa. Alichukua kijiko, akatafuna muda mrefu, machozi yakimshuka, nami nikamwuliza kama nimpashie.

"Hapana, baba," akasema. "Ni magumu vilevile kama ya bibi."

Akaendelea kula.